Kamba za viatu zinafunguka kila mara? Huenda unakosea hatua moja tu

Asubuhi unafunga kamba za raba zako vizuri kabisa, unavuta mpaka vidole vinauma. Kabla hujafika kituo cha daladala, moja inaburuzika chini. Unainama, unafunga tena na kukaza zaidi. Mchana, hadithi ni ileile.

Wengi hulaumu kamba, wengine hulaumu kiatu. Wapo pia wanaoamua kufunga mafundo mawili, matatu, mpaka jioni wanahangaika kuyafungua kwa meno.

Kwa watu wengi, tatizo si nguvu ya kukaza. Ni upande ambao kamba inapita katika hatua moja ya kufunga. Ukibadilisha hatua hiyo, fundo lilelile ulilozoea linakaa muda mrefu zaidi, na bado unalifungua kwa kuvuta ncha moja tu.

Si jambo dogo kama linavyoonekana. Kamba iliyolegea inaweza kumwangusha mzee kwenye ngazi, kumkwamisha mtoto anayekimbilia gari la shule, au kunaswa na mnyororo wa baiskeli ikiwa kwenye mwendo. Tuanze na jaribio ambalo unaweza kulifanya sasa hivi.

Jipime kwa sekunde 10

Vaa kiatu, funga kamba kama ulivyozoea siku zote. Usibadilishe kitu.

Sasa shika kamba chini ya fundo, yaani zile pande mbili zinazotoka kwenye matundu ya juu kabisa. Vuta kila moja upande wake, ya kulia kwenda kulia, ya kushoto kwenda kushoto. Kisha angalia kile kipepeo kimelala vipi.

- Kikilala kimkingamo, sikio moja likielekea kulia na jingine kushoto, uko vizuri. Hilo ni fundo imara.
- Kikigeuka na kulala kufuata urefu wa kiatu, sikio moja likielekea vidoleni na jingine kwenye kifundo cha mguu, hapo ndipo tatizo lilipo. Hilo ni fundo dhaifu.

Kwa macho ya kawaida mafundo haya mawili yanafanana. Yote yana masikio mawili na ncha mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga fundo dhaifu tangu utotoni mpaka anazeeka, asijue kama kuna jingine.

Tofauti inatoka wapi?

Kufunga kamba za viatu ni kufunga mafundo mawili, moja juu ya jingine.

La kwanza ni fundo la msingi: unapishanisha kamba mbili, unapitisha moja chini ya nyingine, unavuta. La pili ndilo lenye kipepeo: unatengeneza kitanzi, unazungusha kamba nyingine juu yake, unaisukuma ipite, unavuta.

Ukifunga la pili kwa kuzungusha upande uleule wa la kwanza, mafundo yote yanajisokota kuelekea upande mmoja. Fundo zima linageuka, na kila hatua unayopiga inalisaidia kujifungua.

Ukizungusha upande wa kinyume, fundo la pili linalipinga la kwanza. Yanabanana na kutulia, na kipepeo kinalala kimkingamo.

Kama uliwahi kuwa skauti, hii unaijua kwa jina jingine. Kanuni ya "kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia" ni hiyohiyo. Wanaofundisha huduma ya kwanza nao huitumia wanapofunga kitambaa cha kuning'iniza mkono uliovunjika, kwa sababu fundo lake linakaa bapa na halitelezi kirahisi. Ukikosea ukafanya kulia juu ya kushoto mara mbili, unapata lile fundo dhaifu.

Kwa hiyo fundo imara la viatu ni hilo fundo la skauti, ila limeachiwa masikio mawili ili lifunguke kwa kuvuta.

Jinsi ya kurekebisha

Habari njema ni kwamba huhitaji kujifunza upya. Badilisha hatua moja kati ya hizi mbili:

1. Badilisha mwanzo. Kama huwa unaanza kwa kupitisha kamba ya kulia juu ya kushoto, sasa anza na ya kushoto juu ya kulia. Mengine yote fanya kama kawaida.
2. Au badilisha mzunguko. Kama huwa unazungusha kamba kwenye kitanzi kwa kuipitisha mbele, sasa ipitishe kwa nyuma. Mwanzo uache ulivyo.

Zingatia neno "moja". Ukibadilisha zote mbili kwa pamoja, umerudi palepale, na fundo lako litakuwa dhaifu kwa upande mwingine.

Kwa wengi njia ya kwanza ni rahisi zaidi, kwa sababu mikono imezoea mno kutengeneza kipepeo, lakini ule mpishano wa mwanzo ni mfupi na unabadilika haraka.

Ukimaliza, rudia lile jaribio. Vuta kamba chini ya fundo. Kipepeo kikilala kimkingamo, umefanikiwa. Siku za mwanzo utajikuta unarudi kwenye mtindo wa zamani bila kujua. Usijali, angalia tu kipepeo kila unapomaliza kufunga.

Wanasayansi walisema nini?

Mwaka 2017, watafiti watatu wa uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, walichapisha utafiti kuhusu swali hili hili: kwa nini kamba za viatu hujifungua zenyewe? Ni Christopher Daily-Diamond, Christine Gregg na Oliver O'Reilly, na kazi yao ilitoka katika jarida la Proceedings of the Royal Society A.

Gregg alivaa raba na kukimbia kwenye mashine ya mazoezi huku kamera ya mwendo wa polepole ikirekodi kamba zake. Walichokiona ni kwamba kuna mambo mawili yanayofanya kazi kwa pamoja.

La kwanza ni kishindo. Kila mguu unapogonga chini, fundo linatikiswa. Watafiti walipima mtikisiko huo wakakuta unafikia takriban mara 7 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Fundo linabonyea kisha linaachia, linabonyea tena na kuachia, na polepole linalegea katikati.

La pili ni mjeledi. Mguu unaporushwa mbele na nyuma, masikio na ncha za kamba hupepesuka kama mjeledi. Ule mpepesuko unavuta ncha, kana kwamba kuna mkono usioonekana unazichomoa taratibu.

Kimoja peke yake hakikutosha. Gregg alipokaa juu ya meza na kurusha miguu tu bila kugonga chini, fundo halikufunguka. Alipokanyaga chini bila kurusha miguu, nalo halikufunguka. Vilipokutana vyote viwili, yaani kwa mtu anayetembea au kukimbia kawaida, ndipo mambo yalipoharibika.

Jambo la kushangaza ni kasi. Fundo linaweza kukaa vizuri kwa muda mrefu, halafu likishaanza kuteleza linafunguka lote ndani ya sekunde chache, hatua mbili tatu tu. Ndiyo maana mara nyingi hupati dalili yoyote. Unashtuka tu kamba iko chini.

Walipoongeza vitu vizito kwenye ncha za kamba, mafundo yalifunguka zaidi. Walipolinganisha fundo dhaifu na fundo imara, dhaifu lilishindwa haraka zaidi. Lakini imara nalo si la milele. Ukitembea au kukimbia muda wa kutosha, linaweza kulegea.

Watafiti hao walikiri kuwa walikuwa bado hawajaelewa undani wa tofauti ya mafundo hayo mawili. Jibu zuri lilikuja mwanzoni mwa mwaka 2020, pale watafiti wa taasisi ya MIT, pia ya Marekani, walipochapisha kazi yao katika jarida la Science. Walitumia nyuzi maalumu zinazobadilika rangi zinapokandamizwa, wakaona ni wapi ndani ya fundo panabana na wapi pamelegea.

Walichokipata kinaendana na kile ambacho mabaharia na skauti walikijua kwa mikono. Kwenye fundo imara, vipande vya kamba vinapovutwa hujisokota kwa pande zinazopingana, msuguano unaongezeka na fundo linajifunga. Kwenye fundo dhaifu, vipande huviringika pamoja, basi kamba inateleza kirahisi.

Unataka usalama zaidi? Njia tatu

Kwa matembezi ya kawaida, fundo imara linatosha. Kama unakimbia mbio ndefu, unacheza mpira au unapanda mlima, ongeza moja ya hizi.

1. Zungusha mara mbili. Baada ya kutengeneza kitanzi, zungusha ile kamba nyingine mara mbili badala ya moja, kisha ipitishe kama kawaida. Msuguano unaongezeka na bado linafunguka kwa kuvuta ncha. Unaweza kufanya hivyohivyo kwenye fundo la msingi, nalo litaacha kulegea wakati bado unatengeneza kipepeo.

2. Fundo la masikio mawili. Hili limetangazwa sana na Ian Fieggen, raia wa Australia ambaye amejipatia umaarufu duniani kwa kukusanya na kufundisha njia za kufunga kamba za viatu. Funga fundo la msingi. Tengeneza vitanzi viwili, kimoja kila mkono. Vipishanishe ili kati yake na fundo la msingi pabaki tundu dogo. Sasa pitisha vitanzi vyote viwili kwenye tundu hilo kwa pamoja, kimoja kikitoka mbele kwenda nyuma, kingine kikitoka nyuma kuja mbele. Vuta. Unapata fundo nene lililobana katikati. Kikilala mshazari, badilisha upande wa fundo la msingi.

3. Tumia lile tundu la juu. Raba nyingi za kukimbilia zina tundu la ziada karibu kabisa na kifundo cha mguu. Watu wengi hawalitumii. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule ilipo, lakini acha kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Kisha pishanisha kamba, pitisha kila moja ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, halafu funga kama kawaida. Kisigino kinatulia, na kamba inayobaki inakuwa fupi, hivyo mjeledi unapungua.

Vipi kuhusu kufunga fundo juu ya kipepeo, ile tunayofanya wengi? Inasaidia, lakini kama fundo la chini ni dhaifu, umeficha tatizo tu. Isitoshe, likilowa mvua au likijaa tope, kulifungua ni kazi.

Kamba yenyewe nayo ina neno

Kamba za mviringo za nailoni au polista huteleza kuliko zile bapa za pamba. Ukinunua raba ya mtumba ambayo kamba zake zimelainika na kung'aa kwa kuchakaa, fundo zuri pia litahangaika. Kamba mpya hazina gharama kubwa.

Angalia na urefu. Ukishafunga, masikio na ncha zisiguse ardhi. Kama zinagusa, una mambo matatu ya kufanya: tumia matundu yote, chomeka masikio chini ya kamba za mbele, au tafuta kamba fupi. Usikate tu ncha ukaziacha, maana zikikosa kile kiplastiki cha mwisho zinachambuka na hazipiti tena kwenye tundu.

Na kabla ya kufunga, kaza kuanzia chini, karibu na vidole, ukipanda juu tundu kwa tundu. Ukivuta tu zile za juu, sehemu ya chini inabaki imelegea. Ukitembea kidogo ulegevu huo unapanda juu, na fundo linaanza kucheza.

Sehemu ambazo kamba iliyolegea ni hatari kweli

- Baiskeli na bodaboda. Mnyororo na tairi la nyuma havisubiri. Ukiwa abiria, angalia kamba zako kabla ya kupanda, na chomeka masikio ndani ya kiatu. Mwendesha baiskeli aangalie zaidi mguu ulio upande wa mnyororo.
- Ngazi za umeme zinazotembea. Kamba inaweza kuingia pale ngazi zinapomezwa mwishoni. Funga kabla hujakanyaga ngazi ya kwanza, si ukiwa katikati.
- Ngazi za kawaida. Ukikanyaga kamba ya mguu mwingine wakati unashuka, hakuna nafasi ya kujirekebisha. Kwa wazee, anguko moja linaweza kuvunja nyonga.
- Mlimani. Wanaopanda Kilimanjaro huambiwa mapema kwamba kushuka kunaumiza vidole kuliko kupanda. Mguu unateleza mbele ndani ya buti na vidole vinagonga. Kabla ya kushuka, fungua kamba, sukuma kisigino nyuma kabisa, kisha kaza vizuri kwenye kifundo cha mguu.

"Mbona Bolt alikimbia kamba ikiwa wazi?"

Ni kweli. Tarehe 16 Agosti 2008, jijini Beijing, Usain Bolt alishinda fainali ya Olimpiki ya mita 100 kwa sekunde 9.69, rekodi mpya ya dunia wakati huo, huku kamba ya kiatu chake cha kushoto ikiwa imefunguka.

Lakini zile zilikuwa chini ya sekunde 10, kwenye njia yake peke yake, bila ngazi, bila shimo, bila mtu wa kumkanyaga. Wewe una safari ya kutwa nzima.

Kumfundisha mtoto

Watoto wengi huweza kufunga kamba wenyewe kati ya miaka 5 na 7, wengine huchelewa kidogo, na hakuna ubaya. Mambo haya yatakusaidia:

- Kaa ubavuni kwake, si mbele yake. Ukikaa mbele, kila kitu anakiona kinyume, na hapo ndipo wengi hujifunza fundo dhaifu. Kama mtoto anatumia mkono wa kushoto na wewe wa kulia, hapo ndipo ukae mbele yake aige kama kioo.
- Tumia kamba za rangi mbili. "Nyekundu juu ya nyeupe" inaeleweka haraka kuliko "kulia juu ya kushoto".
- Anzia mezani. Weka kiatu juu ya meza au mapajani, kikiwa kinaelekea mbele kama kinavyovaliwa.
- Mfundishe kukagua. Mwambie: "Kipepeo kikilala kimkingamo, sawa. Kikitazama vidole, rudia."

Mtoto akijifunza hivyo mara ya kwanza, hatahitaji kusahau kitu akiwa mkubwa.

Usikaze kupita kiasi

Kwa kuwa sasa fundo linashika, huna sababu ya kuubana mguu. Juu ya mguu kuna mishipa ya fahamu na ya damu iliyo karibu na ngozi. Ukihisi ganzi, kuchomachoma au maumivu juu ya mguu, legeza. Kama panauma sehemu moja tu, ruka tundu la hapo, kamba isipite juu yake.

Mwenye kisukari awe makini zaidi, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kupunguza hisia za miguu. Asisubiri kuhisi maumivu. Akivua viatu aangalie kwa macho kama kuna alama, wekundu au kidonda.

Kwa kifupi

- Vuta kamba chini ya fundo, angalia kipepeo kimelala upande gani.
- Kikifuata urefu wa kiatu, badilisha hatua moja tu: mpishano wa mwanzo au mzunguko wa kitanzi.
- Kaza kutoka chini kwenda juu.
- Kwa mbio na mlima, zungusha mara mbili au tumia tundu la juu.
- Kabla ya boda, baiskeli au ngazi, chungulia miguu yako kwanza.

Kama umevaa viatu vya kamba sasa hivi, inama uangalie. Jibu liko hapo juu ya mguu wako.